Daftari la mpimaji na kompyuta: dakika 30 zinapogeuka kuwa nukta 30

Mwezi uliopita kipindi chetu cha asubuhi kilipokea ujumbe kutoka kijiji kimoja kwenye miteremko ya Uluguru, mkoani Morogoro. Ulikuwa na picha sita za kurasa za daftari la zamani na swali moja: "Kompyuta inasema maji yatafika zahanati. Mzee aliyepima anasema hayafiki. Tumwamini nani?"

Hewani tulikuwa na dakika nne kabla ya taarifa ya habari, na dakika nne hazitoshi kwa jambo hili. Tukaahidi kuliandika. Kwanza tulipanda kijijini, tukakaa barazani na mzee mwenyewe, mpimaji mstaafu, pamoja na kijana aliyemaliza kidato cha sita ambaye ndiye aliyeingiza namba kwenye kompyuta. Hesabu zote utakazosoma hapa tumezirudia wenyewe mara mbili.

Kinachobishaniwa ni tawi la bomba. Jumuiya ya watumia maji inataka kulivuta kutoka tangi la kijiji hadi zahanati. Hakuna pampu, ni maji ya mserereko. Kati ya tangi na zahanati kuna mgongo wa kilima. Mgongo ukiwa chini ya tangi, maji yatapita. Ukiwa juu, bomba litalala kavu na michango ya kaya itakuwa imefukiwa ardhini. Kimo cha tangi kinajulikana, kilishapimwa kwa mashine ya leveli. Kimo cha mgongo kiko ndani ya daftari la mzee, na mzee alipima kwa njia ya stadia.

Stadia ni nini

Ni njia ya kupima umbali bila kuvuta utepe. James Watt, yule wa injini ya mvuke, aliitumia Uskoti miaka ya 1770 alipokuwa akipima njia za mifereji. Ukichungulia kwenye darubini ya theodolaiti utaona msalaba, na juu na chini ya msalaba huo kuna mistari miwili mifupi. Mwenzako anasimamisha stafu, ile fimbo ndefu yenye namba, kule mbali. Unasoma mstari wa juu, wa kati na wa chini. Tofauti kati ya wa juu na wa chini, ukiizidisha kwa 100, ndiyo umbali kutoka kwenye mashine hadi kwenye stafu. Mashine nyingi zimetengenezwa hivyo makusudi, ili hesabu ifanyike kichwani.

Hiyo ni pale darubini inapotazama sawa na ardhi tambarare. Uluguru hakuna tambarare. Darubini ikiinuka au kuinama, lazima usome pia pembe, kisha ufanye hesabu mbili. Umbali mlalo ni ule umbali wa kwanza mara kosini ya pembe, mara kosini tena. Kupanda au kushuka ni nusu ya umbali wa kwanza mara sini ya pembe iliyozidishwa kwa mbili.

Tuchukue mstari mmoja unaofanana na ile ya daftari. Juu 2.150, kati 1.600, chini 1.050. Tofauti ni 1.100, kwa hiyo umbali wa kwanza ni mita 110. Pembe ni nyuzi 5 na dakika 30 kwenda juu. Umbali mlalo unakuwa mita 108.99 na kupanda ni mita 10.49. Kama mashine imesimama juu ya alama yenye kimo cha mita 812.30, na urefu wa mashine kutoka kwenye alama ni mita 1.45, unajumlisha 812.30, 1.45 na 10.49, unatoa 1.60 ya mstari wa kati, unapata 822.64. Hicho ndicho kimo cha ardhi aliposimama mwenye stafu.

Zamani mzee alifanya hivyo kwa vitabu vya majedwali, usiku, kwa taa ya chemli, mstari baada ya mstari. Kompyuta inamaliza kurasa 40 kabla chai haijapoa. Faida hiyo hatuibezi. Lakini kompyuta haiulizi kama namba uliyompa ndiyo uliyokusudia.

Kosa linaloonekana

Kijana alianza na programu ya upimaji aliyoipata kwa rafiki yake. Programu za aina hii huuliza maswali machache mwanzoni: kizidisho ni 100 au kingine, je, kuna namba ya kujumlisha (mashine za zamani sana zilikuwa nayo, karibu sentimita 30), urefu wa mashine, na aina ya pembe. Hilo la mwisho watu hulipita haraka kama masharti ya kujiunga na laini ya simu.

Pembe inaweza kuhesabiwa kutoka kwenye mlalo, ambako sifuri ni kutazama mbele sawasawa. Inaweza pia kuhesabiwa kutoka utosini, ambako sifuri ni kutazama juu angani na kutazama mbele ni nyuzi 90. Mashine ya mzee ilikuwa ya utosini: pembe yetu ya 5 na dakika 30 kwenye daftari imeandikwa 84 na dakika 30. Programu ilikuwa imewekwa kusubiri pembe za mlalo.

Matokeo yake yalitushangaza tulipoyajaribu wenyewe. Kupanda kulitoka palepale, mita 10.49, bila kupungua hata sentimita. Umbali mlalo ulitoka mita 1.01 badala ya 108.99. Yaani ukikagua safu ya vimo peke yake, huoni kasoro. Lakini ukichora ramani, vituo vyote vimejikusanya kuizunguka mashine kama nzi kwenye embe. Kijana aliona ramani hiyo, akajua kuna tatizo, akaiacha programu ile na kuhamia Excel, ambako angeweza kuandika hesabu mwenyewe na kuona kila hatua.

Uamuzi mzuri. Excel nayo ina tabia yake: haijui nyuzi, inajua radiani. Ukimpa COS namba 5.5 bila kuipitisha kwanza kwenye amri ya RADIANS, mstari wetu unasema ardhi imeshuka mita 55. Hilo nalo alilikamata, maana hakuna anayeamini kwamba kilima anachokipanda kila siku kwenda shamba ni shimo.

Kosa lisiloonekana

La tatu halikukamatwa na mtu mpaka mzee aliposema hapana.

Programu nyingi za upimaji hukubali pembe ziandikwe kwa mkato: nyuzi, nukta, kisha dakika na sekunde. Ukiandika 5.3000, programu inasoma nyuzi 5, dakika 30, sekunde 0. Kijana alikuwa ameshaandika kurasa zote kwa mtindo huo. Alipohamia Excel alizigeuza kuwa pembe za mlalo, akizihesabu dakika vizuri kabisa kama dakika, kisha akazibandika kwa mkato uleule. Excel haijui mkato huo. Kwake 5.30 ni nyuzi tano na sehemu 30 za mia. Nyuzi 5 na dakika 30 ni 5.50, kwa sababu dakika 60 ndizo zinazojaza nyuzi moja.

Kwa mstari wetu, umbali mlalo unabadilika sentimita 7 tu. Ramani inakaa vizuri, mto uko mahali pake, njia iko mahali pake. Kupanda kunatoka mita 10.12 badala ya 10.49. Karibu sentimita 38 zimepotea, na hakuna kitu kwenye kioo kinachokuonyesha.

Ubaya zaidi ni kwamba kosa hili huegemea upande mmoja. Dakika zikigawanywa kwa 100 badala ya 60, pembe hupungua siku zote, haiongezeki kamwe. Kila mwinuko unapunjwa. Mzee alikuwa ameanza kwenye alama ya zege karibu na daraja na kupanda hadi mgongoni kwa hatua sita, zote za kupanda. Kila hatua ilipunjwa kidogo, na mipunjo ikajumlishana. Kwa hesabu ya kompyuta, mgongo ulikuwa mita moja na nusu chini ya tangi. Furaha tele kijijini.

"Shikamoo mzee, maji yanapita," kijana alikwenda kumwambia.

"Marahaba. Hayapiti, mjukuu wangu. Mimi nilisimama pale mgongoni na mashine, nikalitazama tangi. Nilikuwa nalitazama kwa chini."

Tuliporekebisha safu ya pembe, kwa kuweka nyuzi, dakika na sekunde kwenye safu tatu tofauti na kuziunganisha kwa hesabu, mgongo ulipanda. Ukawa sentimita 40 juu ya tangi.

Ukitaka kuingiza daftari lako

Wapo wasikilizaji wenye madaftari ya aina hii, na wapo wanafunzi wa upimaji wanaofundishwa stadia hadi leo hata kama kazini watakutana na totali stesheni na GPS. Kwao tuna machache.

Ingiza mistari yote mitatu ya stafu, hata kama hesabu inahitaji miwili tu. Juu kutoa kati ilingane na kati kutoa chini, ikizidi milimita mbili tatu rudi kwenye daftari. Mtu akiandika 2.510 badala ya 2.150, nusu moja inakuwa 0.910 na nyingine 0.550, na kosa linajitangaza. Bila ukaguzi huo, umbali wako umeongezeka mita 36, kwa sababu kila kosa la stafu linazidishwa kwa 100.

Kabla ya kuingiza ukurasa wa pili, fanya mstari mmoja kwa mkono, kwa kikokotoo, na ulinganishe. Chagua wenye dakika nyingi, kama 40 au 50. Mstari wenye nyuzi kamili hautakuonyesha lile kosa la mkato.

Ukipeleka vituo kwenye QGIS, ambayo ni ya bure, mashariki ndiyo X na kaskazini ndiyo Y. Ukizibadilisha, ramani inageuka kama picha kwenye kioo. Na kama vituo vyako ni vya mfumo wa Arc 1960, angalia kanda: Morogoro mjini ni kanda ya 37 kusini, lakini Dodoma mjini ni ya 36.

Jambo moja zaidi: haya ni ya kujua sura ya ardhi. Mipaka ya viwanja na mashamba inasimamiwa na Sheria ya Upimaji Ardhi, Sura ya 324, na ni kazi ya mpimaji mwenye leseni. Usimpelekee jirani karatasi ya Excel.

Na zahanati je? Mzee mwenyewe ndiye aliyetuzuia tusitangaze kwamba ameshinda. Sentimita 40 kwa hatua sita za stadia, alisema, ni ndogo mno. Mwenye stafu akiiegemeza kidogo tu, tayari umepoteza kiasi fulani. Ameshauri mgongo upimwe kwa leveli, na wakati huohuo njia ya kuuzunguka upande wa mashariki ikaguliwe, ingawa itahitaji mabomba mengi zaidi. Jumuiya imekubali. Kijana ndiye atakayeshika stafu, mvua zikipungua, na fedha za mabomba bado ziko benki.