Dirisha Linaloomba Ruhusa

Swali linaloulizwa kila siku katika saiba za Lodwar na Kakuma ni namna ya kukizima kile kidirisha cha Windows ambacho hutia skrini giza na kuuliza iwapo programu fulani iruhusiwe kuibadilisha kompyuta. Swali lenye faida ni jingine: ni programu gani inayoomba, na kwa nini inaomba wakati huu?

Dawa ya mafundi wengi ni kukishusha hadi chini kabisa kitelezi cha udhibiti wa akaunti, kinachoamua kidirisha hicho kitokee lini, kwa hoja kwamba mwenye kompyuta ndiye msimamizi wake, yaani akaunti yake inaweza kubadilisha mfumo mzima, hivyo hana haja ya kuulizwa, tena mashine itakuwa nyepesi. Hoja hii ni upuuzi mtupu. Tangu Windows Vista, iliyoingia sokoni Januari 2007, msimamizi anapofungua akaunti yake hupewa tokeni mbili, yaani hati za ndani zinazoonyesha mamlaka yake, moja ya kawaida na nyingine kamili, na kazi zake zote huendeshwa kwa ile ya kawaida mpaka abonyeze Ndiyo. Kitelezi kikishushwa, kila programu inayoomba mamlaka kamili, hata iliyojificha kwenye flashi, huyapata kimyakimya, ilhali mwenye akaunti ya kawaida hunyimwa papo hapo bila hata kuombwa nenosiri la msimamizi. Kuhusu wepesi, kidirisha hutokea kinapoitwa tu. Uzito wa kompyuta una chanzo kingine, na si ajabu chanzo hicho kikawa kimepenya baada ya fundi kuondoa ulinzi.

Kero yenyewe haikuzuka kwa bahati mbaya. Aprili 2008, David Cross wa Microsoft alieleza katika mkutano wa usalama wa kompyuta wa RSA mjini San Francisco kwamba kidirisha kilikusudiwa kuwaudhi watumiaji, ili waundaji waliozoea kudai mamlaka kamili pasipo sababu walazimike kuzirekebisha programu zao. Windows 7 ya mwaka 2009 ilipunguza maulizo, ikaleta na hicho kitelezi.

Mzazi anayeleta fomu ya basari kutoka Lokiriama, karibu na mpaka wa Uganda, kwa flashi iliyokwishapita mikononi mwa wengi, aelewe kwamba fomu, picha au wimbo haviombi mamlaka ya msimamizi; kidirisha kikitokea, kilichobonyezwa ni programu iliyovaa jina la fomu. Rangi ya manjano huonyesha mtoaji asiyejulikana, na buluu huonyesha saini ya kidijitali iliyothibitishwa, ingawa saini hutaja aliyetia sahihi, haishuhudii wema wake. Wala ukimya si usalama, kwa kuwa programu hasidi inaweza kufuta mafaili ya mtumiaji kwa mamlaka ya kawaida tu.

Wateja wa saiba wapewe akaunti za kawaida, nenosiri la msimamizi libaki kwa mwenye duka, kitelezi kirudishwe juu, viambishi vya majina ya mafaili vionyeshwe ili «.exe» isijifiche nyuma ya «.pdf», na mwenye shaka abonyeze Hapana, kwani programu halali inaweza kufunguliwa tena. Ruhusa huombwa hata kwenye simu za Android: tangu toleo la 8 la mwaka 2017, ruhusa ya kusakinisha programu kutoka nje ya duka rasmi hutolewa kwa kila programu peke yake, na iliyopewa WhatsApp kwa ajili ya faili moja hubaki wazi mpaka mwenye simu aiondoe.