Dodoso la Intaneti na Uchaguzi wa Mbwa

Dodoso la kuchagua mbwa ni kitu chepesi. Mtu hufungua simu, akajibu maswali kumi au ishirini: nyumba ina ukubwa gani, watoto wana umri gani, mbwa atatembezwa muda gani kwa siku, kelele na manyoya vinavumilika kiasi gani. Nyuma ya maswali hayo kuna jedwali ambamo kila aina ya mbwa imekwisha kupewa alama za nguvu, ukimya, utii na upole. Programu hulinganisha majibu na alama, kisha hutaja majina machache. Mengi ya madodoso hayo hutungwa na vyama vya mbwa au kampuni za chakula cha mbwa, na majina yanayotajwa ni ya mbwa wenye hati za ukoo.

Katika majina hayo yumo mwana wa Kongo, basenji: kilo kama 10, manyoya mafupi ya rangi ya kutu, paji lenye mikunjo, mkia uliojisokota juu ya kiuno. Wawili walioneshwa Uingereza mwaka 1895, wakafa upesi kwa maradhi. Wengine walipelekwa na Olivia Burn katika miaka ya 1930, na hao wakashika mizizi. Dodoso humtoa kwa urahisi kwa mtu wa ghorofani anayetaka utulivu, kwa kuwa habweki kama wenzake na hujilamba kama paka. Alama hizo ni za kweli, ila hazitoshi. Mbwa huyu hupiga yowe refu la ajabu. Tena ametokana na mbwa wa mawindo, waliofungwa njuga ya mti shingoni ili mwindaji ajue walipo kichakani. Akifungiwa peke yake mchana kutwa hutafuna viatu na makochi. Akiachiwa hufuata anachokiona, na kuitwa kwake ni kazi bure.

Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliokusanya majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000 na kusoma jeni za mbwa zaidi ya 2,000. Aina ya mbwa ilieleza asilimia 9 hivi tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Wepesi wa kufuata amri ulihusiana na aina kuliko tabia nyingine. Wepesi wa kukasirika karibu haukuhusiana nayo kabisa. Hapo ndipo jedwali la dodoso linapopwaya: linajua wastani wa ukoo, halimjui mbwa aliye mbele ya mtu.

Huku Kasongo na Kabambare, mashariki mwa Kongo, hata huo ukoo haupo. Mbwa wa kijiji hana hati, hula ukoko wa wali na mabaki ya ugali, na swali la kwanza kwake ni kazi: je, atamtoa simbiliki kwenye majani, au atabaki kulinda ua? Swali la pili ni la dini, kwani Waislamu ni wengi huku tangu enzi za mfanyabiashara wa pembe na watumwa Tippu Tip. Fikihi inamruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na windo la mbwa aliyefunzwa, akatumwa kwa kutaja jina la Mungu, ni halali. Lakini chombo alichokiramba, kwa madhehebu ya Shafii, huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mahali pa kulala mbwa huamuliwa na hilo, wala si na ukubwa wa sebule.

Dodoso lina faida moja: humlazimisha mtu kufikiria muda na gharama kabla ya kuchukua mtoto wa mbwa. Kuhusu tabia, afadhali kumtazama mama yake anavyopokea wageni, na kuuliza kama mtoto huyo alizoeshwa watu kati ya wiki ya 3 na ya 12, umri ambao woga au uzoefu hujengeka. Kisha chanjo ya kichaa cha mbwa. Karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huo waliupata kwa mbwa, na dalili zikishajitokeza hakuna dawa. Aliyeumwa huosha jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha huwahi hospitali.