Maelezo ya Zana kwa Mawakala wa Akili Mnemba

Katika kazi ya kamusi twajua ya kuwa fasili mbaya hudhuru taratibu: msomaji hukosea, mwenziwe humsahihisha, na toleo lifuatalo huliondoa kosa. Siku hizi iko aina ya fasili ambayo madhara yake hayangoji toleo la pili. Nataka kuieleza hapa, kwani naiona ni kazi ya wataalamu wa lugha, ijapokuwa aghalabu imeachiwa waandishi wa programu peke yao.

Modeli kubwa za lugha sasa hutenda pamoja na kujibu. Mwezi wa Juni 2023 kampuni ya OpenAI iliwafungulia waandishi wa programu njia ya kuziorodheshea modeli zake zana za kutumia, na Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ikatoa itifaki iitwayo MCP ili zana moja iweze kutumiwa na programu nyingi. Programu inayotenda hivyo kwa niaba ya mtu huitwa wakala. Wakala haoni jinsi zana ilivyoundwa ndani. Aghalabu hupewa mambo matatu tu: jina la zana, maelezo yake kwa maneno ya kawaida, na nafasi za kujazwa, kila nafasi na maelezo yake. Kwa maneno hayo huamua ni zana ipi itumike, na ijazwe nini.

Tuchukue mfano wa zana ya kukatia tikiti za boti ziendazo Unguja kutoka Dar es Salaam. Mwandishi ameiita “pata_tikiti”, akaieleza hivi: “Hupata tikiti ya msafiri. Saa: saa ya safari.” Mtu asomapo haraka hataona kasoro. Lakini kitenzi “kupata” kina njia mbili. Apataye tikiti huenda anaitafuta ile iliyokwisha nunuliwa ili aione, na huenda anainunua mpya. Msafiri akiuliza, “Tikiti yangu iko wapi?”, wakala aweza kuishika zana hii kwa nia njema kabisa, na fedha zikatoka mara ya pili. Mwandishi alijua maana aliyoikusudia; maneno yake hayakuijua. Lingetosha jina “nunua_tikiti”, pamoja na sentensi mbili: kwamba zana hii hutoza fedha mara moja, na kwamba kwa kutazama tikiti iliyokwisha nunuliwa itumike zana nyingine, itajwe kwa jina lake.

Neno “saa” lina hatari kubwa zaidi. Msafiri asema, “Nikatie boti ya saa moja asubuhi.” Kwa hesabu yetu hiyo ni 07:00. Wakala asiyeambiwa lolote aweza kuandika 01:00, yaani saa saba za usiku, na zana ikajibu kuwa hakuna boti. Afadhali hapo, kwa kuwa kosa limejitangaza. Msafiri akitaka boti ya saa tatu na nusu asubuhi, na wakala akaongeza saa sita mara mbili kwa kudhani hazijaongezwa bado, atapata 15:30. Na boti ikiwapo saa hiyo, hakuna atakayetambua kosa mpaka abiria amefika bandarini. Kwa hiyo maelezo yaseme waziwazi: “Saa ya kuondoka, kwa hesabu ya saa 24 kuanzia usiku wa manane, mfano 07:00. Msafiri akitumia saa za Kiswahili, zigeuze mara moja tu: saa moja asubuhi ni 07:00, saa moja jioni ni 19:00. Asipotaja asubuhi wala jioni, muulize kwanza.”

Hata siku ina mtego wake. Kwa wazee wa pwani siku huanza jua lituapo, na usiku wa Ijumaa ni ule unaoutangulia mchana wa Ijumaa. Kalenda ya ofisini huuita Alhamisi usiku. Dawa yake ni kudai tarehe kwa tarakimu, na kumwagiza wakala aisome tarehe hiyo kwa msafiri kabla ya kulipa.

Kadhalika yafaa kueleza zana inarudisha nini. Jibu la “hakuna” laweza kuwa na maana kwamba siku hiyo hakuna boti, au kwamba zimejaa, au kwamba mtandao umekatika. Wakala aliyepewa neno hilo tupu atamwambia msafiri mojawapo, wala hatasita.

Wapo wapendao maelezo mafupi, na wana hoja, kwani maelezo ya zana zote husomwa na modeli pamoja na mazungumzo, na kila neno lina gharama yake. Hata hivyo mimi ningepunguza sifa za zana kabla ya kupunguza mipaka yake. Maneno kama “zana bora na ya haraka” hayamsaidii wakala kuchagua.

Kabla ya kuyatoa maelezo, wapewe watu wawili ambao hawajaiona programu: mmoja aliyezoea saa za Kiswahili, na mwingine aliyezoea ratiba za viwanja vya ndege. Wapewe ombi moja la msafiri, kila mmoja ajaze nafasi peke yake. Wakijaza tofauti, maelezo yarudi kwa mwandishi.