Sulhu ya Deni la Kadi Mbele ya Mlango wa Ufilisi

Nchini Marekani, ambako jamaa zetu wengi wa Kenya, Tanzania na Kongo wamehamia, kadi ya mkopo ndiyo hukimbiliwa mshahara usipotosha: kwa mafuta ya gari, kwa dawa ya mtoto, hata kwa nauli ya ghafla ya kuja kuzika, na kwa kuwa riba yake siku hizi aghalabu hupita asilimia 20 kwa mwaka, hutokea mtu akalipa kila mwezi kwa uaminifu kile kiwango cha chini alichoandikiwa, na deni lisipungue ila kidogo mno. Hapo ndipo hujiuliza: atafute sulhu na benki, au ajitangaze muflisi?

Katika sulhu, benki hukubali kupokea sehemu ya deni na kusamehe iliyobaki. Ni jambo la heri likipatikana, lakini masharti yake ni mazito kuliko yanavyotangazwa. Benki haina haja ya kumpunguzia anayelipa barabara. Kwa kawaida husikiliza baada ya malipo kusimama miezi kadhaa, deni likikaribia siku 180 za kuchelewa, ambazo zikitimia hulazimika kuliandika daftarini mwake kuwa ni hasara. Wakati huo wote riba na faini huzidi kupanda, na mdai ana haki ya kushtaki. Fauka ya hayo, kinachosamehewa huhesabiwa kuwa pato: aliyedaiwa dola 10,000 akamaliza kwa dola 4,000, zile 6,000 huarifiwa idara ya kodi, naye hutozwa kodi juu yake, isipokuwa kwa kadiri atakavyothibitisha kwamba madeni yake yalizidi mali yake kabla ya msamaha. Deni lililofutwa na mahakama ya ufilisi halitozwi kodi hiyo.

Wengi wetu huona haya kulitaja neno ufilisi, ilhali ni haki iliyowekwa na sheria ya mwaka 1978, ingawa ilikazwa mwaka 2005. Tangu saa ya kufungua kesi, wadai huamriwa kuacha kudai. Kwa Sura ya 7 ya sheria hiyo, ambayo ni ya wenye kipato kidogo, madeni ya kadi aghalabu hufutwa katika muda wa miezi minne hivi. Kwa Sura ya 13 mdaiwa hulipa kidogo kidogo kwa miaka 3 hadi 5. Matunzo ya watoto hayafutwi, na mikopo ya masomo hufutwa kwa taabu kubwa. Alama ya Sura ya 7 hubaki katika kumbukumbu za mikopo kwa miaka 10.

Linalonisikitisha zaidi ni yale yafanywayo na watu wema katika miezi ya mwisho kabla ya kwenda mahakamani. Mtu ana kadi tano. Akachota akiba yake ya uzeeni kazini, ambayo wadai wasingeweza kuigusa hata katika ufilisi, akasuluhisha mbili, kisha zile tatu zikamshinda na kesi akaifungua vilevile. Fedha zimekwenda, wala hazikumwokoa. Mwingine, kwa kuona ndugu ana haki zaidi kuliko benki, humrudishia kaka yake dola 5,000 alizomkopesha, asijue kwamba malipo kwa jamaa huchunguzwa mwaka mzima kurudi nyuma, na kwa wadai wengine siku 90, hata msimamizi wa mali ya muflisi akaweza kumdai kaka yule azirejeshe.

Kwa hiyo sulhu na ifanywe pale tu inapoweza kuyamaliza madeni yote, na makubaliano yawe kwa maandishi kabla ya senti kutoka. Kampuni za usuluhishi zinazouza huduma kwa simu zimekatazwa tangu 2010 kutoza ada kabla ya kumaliza deni lolote; inayodai ada mbele, mkatalieni. Nawasihi walio katika dhiki hii wamwone wakili wa ufilisi kabla ya kugusa akiba ya uzeeni: mawakili wengi wa aina hiyo hawatozi kitu kwa mazungumzo ya kwanza.