Sigara ni yako, moshi ni ya nani?

Tukianza kuzungumuza juu ya sigara, haraka tunagawanyika. Wamoja wanasema: «Ni mapafu yangu, ni falanga yangu, wewe unaniuliza nini?» Wengine wanataka mwenye kuvuta afukuzwe hata barabarani. Mimi sivute, lakini sikuje hapa kuhubiria mutu. Ninataka tuelewe kwanza ile moshi inatoka wapi, juu njo pale swali yenyewe iko.

Sigara moja inatoa moshi mbili. Kuko ile ambayo mwenye kuvuta anaingiza kifuani, kisha anaitoa. Na kuko ile inayopanda yenyewe kwenye ncha, wakati sigara iko tu katikati ya vidole. Ile ya pili njo mingi zaidi ndani ya chumba. Haipite kwenye kile kipande cha kuchuja, na kwa sababu moto wake ni wa chini, inaungua vibaya na inabeba sumu mingi. Kwa hiyo mwenye kuvuta iko na cha kumuchujia. Wewe unayekaa pembeni, hapana.

Mwaka 1981, mutafiti Takeshi Hirayama wa Japani alitangaza kazi aliyofanya kwa miaka 14. Alifuata wanawake zaidi ya 90,000 walioolewa, ambao wenyewe hawakuvuta hata kidogo. Wale wenye mabwana wavutaji walikufa na kansere ya mapafu kuliko wengine, na kadiri bwana alivuta sana, ndivyo hatari ya bibi ilipanda. Kampuni za tumbaku zilimupinga sana, lakini uchunguzi mwingine uliofuata ulimupa haki. Leo OMS inahesabu kwamba moshi ya wengine inaua watu zaidi ya milioni moja kila mwaka.

Tuje kwetu Bukavu. Inje, pale upepo wa ziwa unapita, mutu akivuta mbali na wengine, mimi sioni kesi. Shida ni ndani. Mvua ikinyesha, taksi-basi inafunga vioo vyote. Mumoja akiwasha, gari yote inavuta naye, hata mutoto aliye mugongoni mwa mama yake.

Lakini fasi inayoniumiza zaidi ni nganda. Kisha kupata diploma yangu nilitafuta kazi miezi mingi, na ile niliyopata ilikuwa kupeleka chupa kwenye meza. Karibu mwaka muzima. Muteja akichoka na moshi, analipa, anaenda. Mimi nilikuwa ninatoka saa sita ya usiku, nguo zinanuka tumbaku mupaka mama ananiuliza kama nimeanza kuvuta. Kila asubuhi nilikohoa. Nilimuomba mwenye nganda awapeleke wavutaji kwenye barza. Alijibu kwamba watakimbilia kwa jirani. Wangapi kati yetu wako na diploma na wanafanya kazi ya namna ile leo? Ukisema «asiyependa moshi aende mahali pengine», umufikirie yule ambaye mushahara wake uko ndani ya ile moshi.

Na ile jibu iko na kitu ya kweli: nganda moja ikikataza peke yake, itapoteza. Njo maana inaomba sheria ya wote pamoja. Irlandi, inchi yenye kupenda baa sana, walikataza kuvuta ndani ya baa zote tangu tarehe 29 Machi 2004. Watu hawakuacha kunywa. Walianza tu kuvutia mulangoni.

Kwetu maandishi hayakosekane. Kongo iko ndani ya mapatano ya OMS juu ya tumbaku tangu 2005, na sheria nambari 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018 juu ya afya inagusa pia tumbaku. Lakini mukaulize pale Nyawera ni nani anaijua! Ngambo ya Ruzizi, Rwanda iko na sheria yake tangu 2013, na ninaona watu wetu wakivuka: yule yule aliyewasha ndani ya gari huku, kule anatoka inje kwanza. Si mambo ya damu basi.

(Na kumutuma mutoto anunue sigara moja kwenye kibanda, kisha aiwashe kwenye makala ndiyo ailete, tuache kuita hiyo adabu.)

Ninaloomba mimi ni kidogo: ndani ya nganda, ndani ya gari, ndani ya ofisi na darasa, hapana. Inje, mutu avute kwa amani. Na polisi asipewe ruhusa ya kukimbiza wavutaji barabarani ili ale falanga zao. Alipe mwenye nganda anayeacha moshi ndani, juu yeye iko na mulango na anajulikana.