Redio Haikuitaja Korogwe

Habari yenyewe ilichukua nusu dakika, katikati ya bei ya mafuta na ligi. Ilikuwa Juni 2025, nami nilikuwa Kilole, nimekaa kwenye benchi la bibi mmoja anayeuza machungwa na chai ya rangi. Redio yake ndogo ilikuwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli ili betri zisidondoke. Mtangazaji alisema kampuni ya GSK ya Uingereza na Bharat Biotech ya India zimeahidi kwamba ifikapo 2028, dozi moja ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S itauzwa chini ya dola tano. Kisha zikaja habari za michezo, na wanaume wote pale kijiweni wakainua vichwa.

Mimi nikabaki na dola tano zangu. Uingereza imetajwa, India imetajwa. Korogwe, ambako redio ile ilikuwa inalia, haikutajwa.

Mwaka 2007, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, hapa Korogwe, pamoja na wenzao wa Kilifi kule Kenya, waliandikisha watoto 894 wenye umri wa miezi mitano hadi 17. Nusu walichomwa RTS,S, nusu wakachomwa chanjo nyingine kabisa, halafu wakafuatiliwa kwa takriban miezi minane. Upande wa RTS,S, kati ya watoto 402 waliohesabiwa hadi mwisho, walioshikwa na malaria ni 32. Upande wa pili walikuwa 407, wakaugua 66. Hesabu hiyo, ikishapita mikononi mwa wataalamu wa takwimu, ndiyo iliyotoka Desemba 2008 kama kinga ya asilimia 53, na dunia ikashtuka, maana chanjo ya malaria ilishaanza kuonekana ndoto ya mchana.

Napenda kuzirudia 32 na 66 kuliko ile asilimia. Asilimia haina homa. Ukijumlisha 32 na 66 unapata watoto 98, na kila mmoja wao alikuwa na usiku wake: mama anaamka, anagusa paji la uso, anasema labda meno, anagusa tena, hasemi meno. Asubuhi mtoto yuko mgongoni na kadi ya kliniki iko kwenye mfuko wa nailoni. Kidole kinatobolewa, tone la damu linapakwa kwenye kioo, na mtu wa maabara anainamia hadubini akihesabu vimelea. Hapo ndipo takwimu inapozaliwa. Daktari John Lusingu na wenzake waliosimamia kazi hiyo upande wa Korogwe walihitaji mama huyo arudi tena, na tena, hata mtoto akiwa mzima anacheza.

Na hilo si jambo dogo kwetu. Pwani hii mtu anayetoa damu ya mtoto wa mwenzake hana jina zuri. Tumekua tukitishwa na mumiani, gari lisilo na namba, watu wanaokausha watu damu. Mzazi aliyekubali sindano ile alikuwa anapita katikati ya minong'ono ya majirani, pengine na ya mama mkwe. Ujasiri huo haukupewa safu yake kwenye jedwali lolote, ingawa bila yeye jedwali lisingekuwapo.

Majaribio makubwa yalikuja baadaye, kati ya 2009 na 2014: watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika. Tanzania ilikuwa na vituo viwili, Bagamoyo na, kwa mara nyingine, Korogwe. Kwa watoto wa kundi lile la miezi mitano hadi 17 waliopata dozi nne, visa vya malaria vilipungua kwa asilimia 36 katika muda wa kama miaka minne. Wapo waliobeza: asilimia 36 ni chanjo gani hiyo? Waliobeza wengi walikuwa wanalala mahali pasipo na mbu. Mwaka 2023 peke yake, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, malaria iliua watu 597,000, wengi wao watoto wa Afrika. Toa theluthi ya homa kwenye nyumba moja ya Kilole uone kama mama ataiita ndogo.

Kazi ya kuitengeneza RTS,S ilianza 1987. Pendekezo la Shirika la Afya Duniani la kuitumia kwa watoto wa Afrika lilitoka tarehe 6 Oktoba 2021. Hiyo ni miaka 34. Chanjo ya korona ilipatikana ndani ya mwaka mmoja. Kweli, kimelea cha malaria ni kijanja kuliko kirusi: kinaingia na mate ya mbu, ndani ya muda mfupi kimejificha kwenye ini, kikitoka huko kimeshabadili nguo. RTS,S inajaribu kukikamata mlangoni, kabla hakijafika kwenye ini. Ila nami nina macho. Ugonjwa uliofunga viwanja vya ndege vya matajiri ulipata fedha usiku kucha; wetu ulisubiri foleni.

Hata foleni yenyewe ilikuwa na mambo yake. Chanjo ilipoanza kutolewa kwa majaribio kwenye kliniki za kawaida mwaka 2019, nchi zilizochaguliwa zilikuwa Ghana, Kenya na Malawi. Tanzania haikuwamo. Sina kesi na Wamalawi, lakini mtu aliyesaidia kuchimba kisima huwa anaangalia ndoo ya kwanza inakwenda kwa nani.

Si mara ya kwanza habari kuondoka milima hii ya Usambara ikarudi na jina la mwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1890, Robert Koch, yule bingwa wa Kijerumani wa bakteria, alipita huku. Aliandika kwamba watu wa milimani walijua vyema kuwa wakishuka nyika hurudi na homa, na homa hiyo waliiita mbu, jina lilelile la mdudu. Ronald Ross alikuwa amemkamata mbu na kimelea chake kule India mnamo Agosti 1897, akapata Nobeli mwaka 1902. Haki yake, maana alipasua matumbo ya mbu mmoja mmoja chini ya hadubini. Wasambaa hawakuwa na hadubini. Walikuwa na neno tu.

Nisije nikaonekana naisifia sindano peke yake. Katika kijiji cha Mkokola, hapa hapa Korogwe, watafiti walikuta vimelea kwa watoto na vijana 78 kati ya kila 100 mwaka 2003. Kufikia 2008 walikuwa 13. Chanjo ilikuwa bado kwenye majaribio. Vyandarua vyenye dawa vilikuwa vimeingia, na dawa nazo zilikuwa zimebadilishwa. Dawa hizo nazijua kwa ulimi. Utotoni nilimeza klorokwini, uchungu ule usiofutika kwa sukari, kisha nikajikuna usiku kucha kama nimelala kwenye upupu. Ikachoka, 2001 ikaja SP. SP nayo ikachoka, mwishoni mwa 2006 ikaja mseto. Sasa wanasayansi wetu, akiwamo Deus Ishengoma wa NIMR, wamethibitisha kwamba kule Karagwe kuna vimelea vinavyochelewa kufa kwa mseto. Habari hiyo nayo ilipita kwa nusu dakika, kama ilipita.

Bibi aliona naandika nyuma ya risiti. Alikuwa anamenya chungwa kwa kisu kilicholika hadi kubaki wembamba wa kidole, ganda likishuka kama utepe bila kukatika.

"Unaandika deni langu, mwanangu?"

"Hapana bibi. Hii chanjo waliyoisema redioni. Ilijaribiwa kwa watoto wa hapa Korogwe, na watoto wale leo ni vijana wa miaka 18, 19."

"Wote walipewa?"

"Nusu."

"Na nusu nyingine wakadungwa maji?"

"Hapana. Walidungwa chanjo ya kichaa cha mbwa, ili nao wasiondoke mikono mitupu."

Alikata kichwa cha chungwa, akanipa, akageuka kuwatazama vijana wa bodaboda waliojipanga kivulini.

"Kumbe," alisema. "Ndiyo maana wengine mbwa wakiwabwekea usiku hata hawapunguzi mwendo."