Kocha Anapouliza, Mfanyakazi Anapojijibu

Kati ya Oktoba 2017 na Machi 2018, madaktari 88 wa Mayo Clinic nchini Marekani walishiriki jaribio dogo lenye mafunzo makubwa kwa yeyote anayeishi kwa kazi ya kuajiriwa. Waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa makocha wa kitaalamu, jingine likaendelea na kazi kama kawaida. Kocha alizungumza na daktari wake kwa simu: kikao cha kwanza kilichukua saa nzima, vitano vilivyofuata nusu saa kila kimoja. Hapakuwa na dawa, likizo wala nyongeza ya mshahara.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2019 na Liselotte Dyrbye na wenzake katika jarida la JAMA Internal Medicine. Miongoni mwa waliopata kocha, idadi ya wenye uchovu mkali wa kihisia ilishuka kwa pointi 19.5 za asilimia. Kwa wenzao wasio na kocha ilipanda kwa pointi 9.8. Fikiria hilo vizuri: katika miezi ileile, kwa mwajiri yuleyule, kundi moja lilipata nafuu na jingine likazidi kuchoka.

Kocha alifanya nini? Kwa sehemu kubwa, aliuliza na kusikiliza. Kitu gani kinakula muda wako kuliko vyote? Kipi unaweza kukibadilisha wiki hii? Utakifanya lini, wapi? Maswali haya yanaonekana mepesi, lakini yana msingi katika saikolojia. Peter Gollwitzer na Veronika Brandstätter waliwahi kuwaomba wanafunzi waandike ripoti ya jinsi walivyoutumia mkesha wa Krismasi, wakipewa saa 48 tu. Walioelekezwa kutaja mapema saa na mahali pa kuandikia, karibu robo tatu walimaliza. Wasioelekezwa hivyo, ni theluthi moja tu. Nia walikuwa nayo wote. Kilichowatofautisha ni kuifunga nia ile na saa na mahali, kisha mazingira yenyewe yakawakumbusha.

Sababu ya pili ya maswali haya kusaidia ni uhuru wa kuchagua. Edward Deci na Richard Ryan wameonyesha kwa miongo kadhaa kwamba mtu hudumu zaidi katika jambo alilolichagua mwenyewe kuliko lile alilosukumiwa. Hapa ndipo ukocha unapoachana na hamasa za ukumbini, ambako mamia ya watu husikiliza maneno yaleyale, hushangilia, na Jumatatu hurudi kwenye meza zilezile. Mhamasishaji huzungumza, kocha mzuri hukuacha uzungumze wewe.

Hata hivyo, jaribio lile la Mayo Clinic lina upande mwingine ambao wauzaji wa huduma hii hawapendi kuutaja. Madaktari hawakuonyesha badiliko la maana katika kuridhika na kazi yao. Hilo halinishangazi. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya ICD-11 iliyopitishwa mwaka 2019, linaeleza uchovu huu kuwa zao la msongo sugu wa kazini usiodhibitiwa. Chanzo kiko kazini. Muuguzi anayebeba zamu ya watu watatu anahitaji wenzake wawili waajiriwe, na mwajiri anayemlipia kocha badala ya kuajiri anamwonea.

Tena kocha si tabibu. Mtu aliyepoteza usingizi kwa wiki kadhaa, asiyeonja furaha katika chochote, au anayewaza kujidhuru, aende hospitali kwanza.

Katika nchi nyingi hakuna sheria inayomzuia mtu kujiita kocha wa maisha. Kwa hiyo kabla hujalipa, muulize alisomea wapi, nani anaisimamia kazi yake, na hufanya nini anapoona mteja wake ni mgonjwa. Akianza kukuahidi utajiri kabla hajakuuliza hata swali moja, mwache aende zake.